Kioo Nyuma ya Piano

Benchi liko mbele ya duka la kinyozi. Linabeba watu wanne. Wa tano hukalia ndoo. Kahawa hupikwa ndani, jiko likiwa karibu na kiti cha kunyolea, na wateja hutoka wakinukia kahawa na spiriti. Mchana ule walikuwapo Kinyozi mwenyewe. Spana, fundi wa magari. Risiti, mtunza ghala mstaafu asiyeamini kitu kisicho na karatasi. Na Fundi Makochi, ambaye ndiye aliyekuwa na jambo. Mkewe alifundisha muziki shuleni mpaka mwaka jana, kiharusi kilipoulaza mkono wake wa kushoto. Mtaalamu wa mazoezi alishauri vidole virudishiwe kazi vinayoijua. Zilipatikana piano mbili za kusimama: moja mpya, dukani, na nyingine iliyotumika, nyumbani kwa mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Uwezo wa Fundi ulitosha moja, na akikosea hakuna ya pili. Asubuhi walikwenda wote wanne kuzikagua. Sasa walikuwa wamerudi.

Risiti: Nilimwomba yule mama risiti. Mnajua alifanya nini? Alicheka.

Spana: Alichekaje?

Risiti: Kwa adabu. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Mwenye haki hukasirika.

Fundi: Alisema aliinunua kabla ya kujifungua mwanawe wa kwanza. Nani anatunza risiti muda wote huo?

Risiti: Mimi. Hata ya kitanda cha ndoa ninayo.

Kinyozi: Shemeji anajua?

Risiti: Anajua, na ananiheshimu.

Fundi hakucheka. Alikuwa akijikuna sikio kwa kifunguo kidogo cha shaba chenye utepe wa kijani.

Spana: Hicho nini?

Fundi: Cha geti la yule mama. Alinipa tulipoingia, akasema tukimaliza nimrudishie, akakimbilia jikoni. Nikasahau nikaondoka nacho. Nitakipeleka jioni.

Spana: Haya. Mimi nililala chini yake kabisa, nikaangalia kwa tochi. Hakuna kinachovuja.

Kinyozi: Piano inavuja nini, we Spana?

Spana: Ndiyo nakwambia, haivujishi. Mashine ya umri ule isiyovuja ni kwamba haina tena cha kuvuja. Halafu niliisukuma kwa bega. Ikaguna. Mara moja tu, ndani kwa ndani, kama mgonjwa anayegeuzwa. Ile imenoki, kama injini iliyokwama.

Fundi: Acha utani.

Spana: Kimya kingi kina mshindo mkuu, Fundi. Utaipeleka nyumbani imenyamaza, siku moja ikulipukie na shemeji yuko mbele yake.

Kinyozi alikuwa amesubiri zamu yake. Aliingia ndani akatoka na kile kioo anachokishika nyuma ya kichwa cha mteja ili ajione kisogo. Asubuhi alikwenda nacho kwa yule mama, akakipenyeza kati ya piano na ukuta.

Kinyozi: Nyinyi mliangalia uso. Mimi niliangalia kisogo. Mtu anaweza kuja hapa, mbele kapaka mafuta, nywele kachana, nikigeuza kiti naona mapunye. Nyuma ya ile piano kuna buibui.

Risiti: Buibui yuko kila nyumba.

Kinyozi: Huyu ana utando mpana, umetulia, umekaa miaka. Sasa jiulize, buibui gani anajenga ndani ya kinu kinachotwangwa? Pale hapajapigwa kitu. Ile ni maiti, Fundi, imevalishwa kitambaa cha mezani.

Fundi: Lakini kigoda chake kimeshonwa upya. Niliona mshono. Nyuzi za aina mbili, na sponji imebonyea katikati. Pale pamekaliwa sana.

Kinyozi: Kukaa si kupiga. Wewe umekaa hapa tangu tuliporudi, umenyoa nani?

Risiti: Na kifuniko kilikuwa kimefungwa. Hilo hamlisemi. Nilijaribu kukiinua kwa kidole, kwa heshima tu. Kimefungwa kwa kufuli la ndani.

Spana: Nililiona hilo tundu.

Risiti: Unauza kitu umekifunga. Mbuzi kwenye gunia angalau hulia.

Kinyozi aliwamiminia tena kahawa, na birika likainamishwa zaidi kuliko mwanzo.

Fundi: Basi nichukue ya dukani.

Spana: Ile imefungwa nailoni kama godoro.

Fundi: Ni mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Risiti: Hiyo inakuambia ununue au usinunue?

Fundi: Sijui. Baba alipenda kuisema.

Kinyozi: Yule kijana wa dukani mlimwona? Alitabasamu kabla hatujavuka barabara. Na kibandiko: "Usiguse kabla ya kulipa." Kitu cha kuguswa kazi yake yote, unaambiwa usikiguse.

Risiti: Hata hivyo, wale wana risiti. Wana mhuri. Na dhamana wanayo.

Spana: Dhamana yenyewe umeisoma? Ikipata unyevu, si yao. Ikipata joto, si yao. Ikihamishwa, si yao. Utainunua uiache dukani uwe unaitembelea.

Kinyozi: Mimi nina swali. Duka zima lina piano moja. Wenzake wako wapi? Kama wamenunuliwa, huyu mmoja kakataliwa kwa nini? Mwali anayebaki wa mwisho nyumbani, jirani huuliza.

Risiti: Dada yangu alibaki wa mwisho.

Kinyozi: Na jirani tuliuliza.

Fundi alikuwa ameweka kikombe chini.

Fundi: Jamani, duka linafunga saa kumi na moja, na wamesema hawamwekei mtu. Mimi nataka neno moja. Mama watoto sasa hivi anapiga meza. Nikiwa kwenye cherehani namsikia chumba cha pili. Mkono wa kulia unakwenda vizuri kabisa, unakimbia, halafu unasimama kungoja mwenzake. Mwenzake amelala pajani. Anangoja, anaanza tena. Nikimletea piano mbovu atadhani ni mkono ndio mbovu. Hatajaribu tena, namjua.

Hakuna aliyemtania. Spana alifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa mikavu.

Spana: Ndiyo maana tunakuwa waangalifu, kaka. Tuseme ile ya mama. Nzito mno. Nimenyanyua injini za lori, najua uzito wa chuma. Mle ndani kuna zaidi ya piano.

Kinyozi: Debe tupu haliachi kuvuma. Ile haikuvuma. Basi si tupu.

Risiti: Imejaa nini?

Kinyozi: Mimi ni kinyozi, si mpelelezi. Ila mume wake mlimwona?

Risiti: Hatukumwona.

Kinyozi: Viatu vya kiume mlangoni?

Spana: Havikuwapo. Kofia ipo, ukutani.

Kinyozi: Kofia ipo, mtu hayupo, piano nzito, kifuniko kimefungwa, mke anakimbilia jikoni.

Fundi: Mwanamume mzima haenei ndani ya piano.

Kinyozi: Mzima haenei.

Risiti alijisogeza benchini. Alisema kwamba katika ghala lake, mzigo wa namna hiyo wangeuzungushia kamba na kumwita mkubwa. Spana akakumbuka kwamba nyumba ile ilinukia karafuu, na karafuu huwekwa ili kuficha harufu nyingine. Kinyozi akasema yeye hakutaka kulitaja hilo, lakini kwa kuwa limetajwa, kweli ilinukia.

Mama mmoja aliyebeba kikapu cha mboga alikuwa amesimama kando ya ndoo. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

— Hamjambo, wanangu.

— Shikamoo, mama, walisema wanne kwa pamoja. Alikuwa ndiye mwenye piano.

— Marahaba. Nimefuata ufunguo wangu.

Fundi alisimama, akaufuta kwanza kwenye shati.

— Samahani sana, mama. Nilikuwa niulete jioni. Msije mkalala geti wazi.

— Geti langu halina kufuli. Huo ni wa kifuniko.

Fundi aliutazama ufunguo. Risiti akautazama. Ulikuwa saizi ya lile tundu.

— Niliwaacha niangalie maharagwe yasiungue, alisema mama. Niliporudi mmekwisha kwenda. Nikasema labda hawa ni mafundi, wamepiga kidogo wameridhika. Sasa niambieni, sauti yake mmeionaje?

Kinyozi alikigeuza kioo, kikatazama chini. Spana alifunga kifungo cha ovaroli. Risiti alipapasa mfuko wa shati, pale anapoweka karatasi zake, akauacha.

— Hatukuisikia, mama, alisema Fundi.

— Na ya dukani?

— Nayo hatukuisikia.

Mama alinyoosha mkono. Fundi hakumpa ufunguo.

— Naomba nikae nao kidogo, alisema. Nikamchukue mke wangu. Yeye anatembea, ila polepole. Tutakukuta?

— Nitawangoja hapa hapa twende wote. Nyumbani sina wa kuongea naye tangu mume wangu ahamie kwa mwanetu, kule anakotibiwa macho. Tukiiuza nami namfuata.

Fundi aliondoka kwa miguu, njia ya kwake, si ya dukani. Alikuwa ameukunja ule utepe wa kijani kidoleni. Mama alikaa mahali pake, akaweka kikapu miguuni, akawatazama watatu waliobaki mmoja baada ya mwingine, kwa uso mwema.

— Lakini nimewakatiza, alisema. Nilipofika mlikuwa mmezama kweli kweli. Mlikuwa mnazungumza habari gani?

Kahawa ilikuwa imekwisha. Hata hivyo, kila mmoja aliinua kikombe chake, akanywa.