Barua Nne za Mdogo Wangu

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, chini ya dirisha lisilofunga sawasawa. Wenyewe tuko watatu: Kinyozi; Waziri, ambaye hajawahi kuwa na ofisi ila ana jibu la kila jambo; na mimi, ninayeitwa Karani kwa kuwa natunza karatasi za ukoo. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa ya moto na habari ilikuwa ya mdogo wangu. Miaka sita alikuwa ng'ambo akiendesha gari la kupeleka wagonjwa kusafishwa figo, kwa leseni ya huku nyumbani. Mwajiri wake alipoulizia ofisi ya leseni, akajibiwa leseni hiyo imefutwa tangu mwaka jana. Kazi ikaishia hapo. Juzi alirudi na begi moja. Sababu ya kufutwa niliihisi, nikainamia kikombe changu.

— Hiyo ni kompyuta, alisema Waziri. Leseni za siku hizi zina kitu ndani. Ukihama na anwani ikabaki, kitu kinalia ofisini.

— Kinalia miaka sita? aliuliza Kinyozi.

— Kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba hakihusiani hapo. Mimi nasema ni husuda. Kuna mtu kule alimchongea. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Kule nani anamjua?

— Ndiyo maana. Asiyekujua ndiye hatari.

— Basi nikupe la uhakika. Wana mitambo angani, inaangalia nyumba iliyoandikwa kwenye leseni. Ikiona hulali hapo siku tisini, wanafuta.

— Inakuonaje chini ya bati?

— Inahesabu viatu mlangoni.

Kinyozi alicheka, kisha akanigeukia.

— Karani, mbona umenywea kama kuku wa mvua? Ndugu ni wako, wewe unasemaje?

— Sina la kusema.

— Karani hana la kusema! Anayejua mpaka tarehe shangazi yake aliyong'oa jino.

Hapo mdogo wangu akatokea, shati limepigwa pasi. Kinyozi akamsogezea nafasi.

— Shikamooni.

— Marahaba, baba, pole na yaliyokukuta. Tatizo lako tumeshaligundua.

— Hata mimi nimeshalijua. Jana nilikwenda ofisini. Walitaka cheti cha macho, wakaniandikia mara nne kwa anwani ya nyumbani, hawakupata jibu. Kosa ni langu. Nilipohamia kule nilitakiwa kuwapa anwani mpya, sikuwapa. Nilisema, nyumbani si yupo kaka.

— Si nilisema anwani? alisema Waziri.

Mdogo wangu alinitazama bila ukali, na afadhali angekuja na ukali.

— Kaka, hivi zile barua hazikufika?

Waziri alipata shughuli na kikombe chake. Kinyozi akawa anafuta wembe uliokuwa safi.

Baba alitulea hivi: barua ya mtu haifunguliwi, huwekwa mpaka mwenyewe aje. Kila Jumapili tulizungumza kwa simu. Nilimweleza aliyezaliwa, aliyefariki, na bati linalovuja. Barua sikuzitaja hata mara moja. Nilijiambia ni heshima.

— Zilifika, nikasema.

— Zote nne?

— Zote. Ya kwanza tarehe tatu mwezi wa pili, mwaka juzi. Ya mwisho ina mhuri mwekundu.

— Ziko wapi?

— Kwenye sanduku la bati. Kwa mpangilio wa tarehe.

Neno mpangilio lilipotoka kinywani mwangu, nilitamani ardhi ipasuke nizame.

— Mhuri mwekundu uliuona, kaka?

— Niliuona.

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesomewa majibu ya hospitali. Kahawa aliyomiminiwa hakuigusa. Alisimama.

— Basi twende ukanipe barua zangu.

Akatangulia yeye, nami mkubwa wake nikafuata nyuma.