Historia ya Bi Mchemraba, Aliyezifungulia Wodi Njia ya Kuiona Damu

Ninyi mnaonong'ona huko nyuma kwamba bibi wa darasa la saba atasomaje habari za kompyuta, fungeni midomo mfungue masikio, maana haya nimeelezwa na marehemu mwenyewe, akayarudia mpaka yakaniingia, na asiyeamini angoje nimalize akabishie kwake.

Marehemu, binti wa kaka yangu, ambaye kazini walimwita Bi Mchemraba na mimi nilimwita Kiherehere, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1976 katika zahanati ya nyuma ya kituo cha mabasi, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1983, akaenda sekondari ya wasichana, na mwaka 2000 akahitimu chuo kikuu shahada ya takwimu, habari ambayo kaka yangu aliitangaza mtaa mzima hata kwa wasiomwuliza.

Tarehe 5 Februari 2001 aliajiriwa hospitali kuu, katika chumba cha chini chenye feni inayokohoa, na baadaye akakabidhiwa michemraba ya takwimu, yaani hesabu zilizopangwa kwa pande, huku siku, huku wodi, huku kundi la damu, ukiuliza pande zinapokutana unapata jibu. Tarehe 16 Agosti 2003 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, mwanamume mpole anayeona haya hata kupiga honi, wakajaliwa binti mwaka 2005 na mvulana mwaka 2009, hawa hapa mbele yenu.

Benki ya damu, ng'ambo ya barabara, ilikuwa na mchemraba wake na wodi zilikuwa na mchemraba wao, hesabu za benki zikinakiliwa wodini kila Jumatatu, hivyo ikifika Alhamisi wauguzi wanasoma kiporo, mpaka siku moja mama aliyejifungua aliahidiwa damu iliyokwisha kutumika, akaponea tundu la sindano. Ndipo marehemu akasema michemraba isinakiliane tena, isomane, wodi ifungue kwake ione yaliyomo benki saa ile ile. Mkuu wa benki aliwaka, hataki watu wamchungulie sufuria zake, marehemu akamjibu, mzee wangu, watatazama tu, kijiko hawapewi, na wa kutazama utawachagua wewe, mzee akalegea, na tarehe 11 Juni 2012 njia ikafunguka.

Kosa lake, maana maiti haoshwi kwa uongo, lilikuwa haraka, kwani njia ile aliipitisha kwa jina lake mwenyewe na neno lake la siri, akisema atabadilisha kesho, na hiyo kesho ninyi wa kompyuta mnaijua kuliko mimi.

Oktoba mwaka jana ini lilianza kumsumbua, akalazwa, na badala ya kuulizia dawa akaniambia, Shangazi, nikifa ofisi italifunga jina langu, ndiyo sheria yao, na likifungwa wodi zitabaki vipofu. Nikamwambia, Kiherehere, hata kufa unataka ukusimamie, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akataka aitwe mwenzake wa meza, yule mwenye miwani pale, akaja na kompyuta mapajani, wakaihamishia njia kwenye jina la kazi, si la mtu yeyote, lisilougua wala kuzikwa. Lakini kama imeshika kweli, ingejulikana tu siku jina lake litakapofungwa, na hofu hiyo ameondoka nayo, tarehe 8 mwezi huu, adhuhuri, mumewe akimshika mkono.

Leo asubuhi wamelifunga, nami nimekaa wodi ya wazazi kwa muuguzi mkuu, akabonyeza, na damu yote ya benki ikaonekana, kundi kwa kundi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomhudumia bila kutuchoka, majirani walioleta viti na kufua mashuka yake, wafanyakazi wenzake, mwenye miwani hasa, na mzee wa benki, ambaye leo analia kuliko sisi.

Mwanangu, jina lako limefungwa na hakuna mgonjwa aliyeona tofauti, hayo ndiyo malipo yako, sasa tulia, pumzika kwa amani uliyoihangaikia. Nimemaliza kusoma, natangulia makaburini, mlango naufunga nyuma yangu, na anayempenda marehemu anajua kuufungua anifuate.