Rundo la Mawe Kwenye Ramani Yangu

Mheshimiwa Diwani Lesian, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mkurugenzi, Mchungaji Aminiel, wazee wangu wote, shikamooni, wenzangu wa idara ya ardhi, mke wangu Anneth, uliyevumilia buti zangu zenye tope miaka thelathini na nne, na wewe Bibi Namelok, uliyekubali kuacha mifugo yako ukaja kuketi mbele kabisa pamoja na wakubwa. Habari za mchana.

Mshereheshaji amenimwagia sifa mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama anayesemwa ni mimi. Amesema Elimringi amepima ardhi ya mji huu, kuanzia Kimandolu mpaka Njiro, bila kukosea hata sentimita moja. Namshukuru, lakini si kweli, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho ya kusema hivyo nikiwa mtumishi.

Mnaujua ubishi wa kupanua kiwanja chetu cha ndege. Wenye hoteli wanataka ndege kubwa zitue hapa hapa, mgeni ashuke na kupanda gari la safari. Wengine wanauliza, uwanja mkubwa wa kimataifa wa KIA si upo jirani, mashamba ya watu mnayatakia nini? Mimi sipingi ndege. Binti yangu anaongoza watalii, na ugali wangu wa uzeeni huenda ukatoka huko. Lakini wiki ijayo madiwani wanapiga kura, na mezani kwao ipo ripoti yangu inayosema kwamba upande wa magharibi, njia ya kurukia ndege itakaporefushwa, hakuna kaburi hata moja. Je, niliangaliaje mpaka nikaandika hivyo?

Niliangalia kwa macho ya kwetu Uchagani. Kwetu marehemu analala mgombani, na kaburi lina saruji, vigae, msalaba na jina. Nikakuta rundo la mawe pembeni mwa shamba la mahindi, nikaandika: mawe yaliyoondolewa shambani. Tena nikachukua matatu, nikakazia miguu ya mashine yangu ya kupimia. Nilikuwa na haraka, na nilijiona mjuzi.

Mwezi uliopita, tukitoka kwenye mkutano wa hadhara wa kiwanja hicho, nilimwona Bibi Namelok akiinama, akaokota jiwe, akaliweka juu ya rundo lile. Nikamtania: "Shikamoo Bibi. Bado tu unasafisha shamba?"

"Marahaba. Sisafishi," akasema. "Namsalimia baba Tajeu, mume wangu. Sisi tukipita hapa tunaongeza jiwe."

Akaniuliza, bila ukali wowote: "Wewe ulikuja na mashine siku nne. Mbona hukutuuliza?"

Niliona aibu, ndugu zangu, na bado ninayo. Ningeweza kusema alikosea karani. Maofisini kwetu karani hubebeshwa mengi. Lakini saini ni yangu. Nimeandika ripoti mpya. Ina makaburi tisa, na majina yote alinitajia Bibi mwenyewe tukitembea naye shambani. Mheshimiwa Diwani, naikabidhi kwako mbele ya watu hawa, ili siku ya kura, mkisema ndiyo au mkisema hapana, mjue ni nani wanaolala pale, na familia zao ziulizwe kwanza.

Bibi, hapa mkononi nina jani la isale, nimelikata asubuhi kwenye ua wangu. Kwetu, aliyekosa akikuletea isale, ameacha kujitetea, na anayeletewa hulipokea hata kama moyo bado unauma. Wewe si Mchaga, hulazimiki. Na baba Tajeu, niliyemkanyaga kwa buti zangu, hawezi kunijibu. Wewe ndiye utakayejibu kwa niaba yake. Ukilikataa nitarudi nalo nyumbani, kisha nitakuja kwako tena.

Ndugu wageni waalikwa, mmenisikiliza kwa uvumilivu, nawashukuru sana. Sasa naomba mnipishe, nimfikie Bibi.