Shangazi Kona na Dirisha Lililokatwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatembeza wageni katika jumba letu la sanaa, Shangazi Kona anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi nitauweza. Kuchangamsha nitajitahidi tu, maana nina hasira, na chanzo chake ni hii programu ya hafla ya kumuaga uliyoishika.

Alianza kwa kuuza tiketi mlangoni, akasomea historia ya sanaa jioni, akapanda hadi kuwa mkuu wa waelekezaji. Sisi wote tunaovaa beji ya kazi hiyo tumepita mikononi mwake, na hakuna aliyepita bila kukaripiwa. Kosa letu lilikuwa lilelile: kuueleza mchoro kabla ya kuutazama.

Mchoro wake ni ule wa chumba cha juu, Karamu ya Hisani, wa karne ya kumi na tisa. Matajiri wamekusanyika kula kwa niaba ya maskini. Mapazia ni mekundu, meza imejaa, nyuso zinang'aa kwa shibe, kila mtu anacheka. Wageni wengi hucheka nao wakaenda zao. Shangazi aliwazuia. "Tazameni kona," alisema kila siku, mpaka jina likamganda. Kwenye kona ya kushoto kuna dirisha, na nje yake, katika rangi ya kijivu, wamesimama maskini wenyewe wakinyeshewa. Ndani, mbwa amepewa kiti chenye mto. Hapo alitaka turudi kwa wale wanaocheka: midomo i wazi, lakini hakuna anayemtazama mwenzake. "Mchoraji huyu hakuwa anasherehekea," alisema. "Alikuwa amekasirika, ila kwa adabu."

Maharusi walipenda kupigwa picha mbele ya wekundu ule. Aliwaacha wapige, kisha akamshika bibi harusi mkono hadi konani. Mmoja alimnunia: "Shangazi, si ungeniambia kabla sijatabasamu?" Mwaka uliofuata alirudi na mama mkwe wake, akamwonyesha kona mwenyewe.

Sasa tazama jalada. Uongozi umeweka mchoro huohuo kwa heshima yake, ukakata kona ya kushoto ili nembo yetu ipate nafasi. Dirisha limekwenda! Wamebaki walaji na mbwa. Halafu soma ratiba: wajumbe wa bodi watakaa mezani, wafagizi, walinzi na waelekezaji watasimama upande wa madirisha kwa kuwa viti ni vichache. Jamani! Mtu amemaliza umri wake wa kazi akitufundisha kuusoma mchoro mmoja, nanyi mnamuaga kwa kuuigiza?

Jalada na ratiba vilishachapishwa. Ukurasa huu tu ndio uliobaki. Nilimpelekea Shangazi jalada na ratiba nikiwa nimefura. Alicheka mpaka akavua miwani. Hakutaka kitu kibadilishwe. Aliniambia tu kwamba yeye ametengewa kiti kizuri, chenye mto.

Shangazi, asante kwa macho uliyotupa. Ukapumzike kwa afya, furaha na wajukuu wasumbufu kiasi. Nanyi waheshimiwa wa mezani, mkiona kiti chenye mto kiko kitupu, msihangaike kumtafuta. Tazameni kona ya kushoto, dirishani. Amesimama nasi.