Mlusina wa Kijiweni

Mama Miche alikuwa anajaza udongo kwenye viriba, matope yamempanda hadi viwikoni, shemeji yake Kinyozi alipochungulia juu ya uzio.

— Shemeji, mlusina unakatwa leo. Majani yanaingia kwenye kahawa. Kijiwe kimepitisha.

Mama Miche akaweka kiriba chini. Mti huo ulitia kivuli kijiwe na kitalu chake pia, na majani yake ndiyo aliyochanganya na udongo. Safu ya miche iliyopata majani ilimfika magotini. Ile iliyokosa, iliyopandwa siku hiyohiyo, ilikuwa bado inatafuta vifundo vya miguu. Shule ilitaka miche ya magotini, yote, kabla ya mvua. Bila mlusina, oda imekwenda na maji. Akazunguka uzio, mikono vilevile.

— Mkikata mti, miche yangu italishwa na nani?

— Nani kakwambia ni majani? akauliza Spika, fundi redio. Ile inakua kwa taarifa ya habari. Kila saa kamili nageuzia redio huko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Redio, akaguna Shehena, mpagazi mstaafu. Mimi huisimulia nilivyobeba kabati na mwenye kabati akiwa ndani. Mche ukisikia hayo unaona haya kubaki mfupi. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mnajisumbua, akasema Kinyozi. Ni nywele ninazomwaga kule. Nywele ukizikata si zinaota tena? Basi nguvu imehamia kwenye mche. Ule mrefu kuliko yote ni kichwa cha karani wa mahakama.

Mama Miche akavuta pumzi kama anayemvalisha mtoto viatu.

— Mlusina unakamata naitrojeni iliyo hewani. Inaingia kwenye majani. Majani yakioza, miche inakula.

— Hewani! Spika akapiga paja. Na hewani kuna nini, kama si redio?

Wakacheka hadi benchi likalia. Mkata miti akawakuta hivyohivyo, msumeno begani. Wakammiminia kahawa ya mwisho. Akanywa huku anaangalia kitalu.

— Safu zote mbili ziko uzio mmoja, akasema. Hii fupi ni kiziwi?

Spika akamtazama Shehena. Shehena akamtazama Kinyozi. Kinyozi akalitazama birika, nalo lilikuwa tupu.

— Basi mkishajua niiteni, akasema mkata miti. Sikati kitu ambacho wenyewe hamjui kinafanya nini.

Akaondoka. Jani likadondoka kwenye kikombe cha Spika.

— Litupe kwenye safu fupi, akasema Mama Miche. Kesho nawaletea visahani vya kufunikia vikombe.

Jioni, nyumbani, Mama Miche akapakua chakula. Mkubwa yupo, wa kati yupo, kitinda mimba yupo na kijiko kimoja zaidi ya haki yake, baba yao yupo. Shemeji aliyesema hana njaa yupo, sahani mbele.

— Lakini shemeji, ule wa karani...

— Kula.

Akageuka dirishani. Mlusina upo. Akakaa, naye akala.