Wakwe Wanapokelewa Mgahawani

Nilikaa nyuma yao kwenye basi, na masikio hayana pazia. Fundi cherehani mmoja, utepe wa kupimia ungali shingoni, alikuwa akimweleza abiria wa pembeni kwamba jioni hii anawapokea wakwe watarajiwa wa binti yake kwenye ule mgahawa wa Kipakistani na Kihindi wa mtaani kwake.

"Mgahawani?" akashangaa mwenzake, mama mwenye kapu la mboga. "Watasema kwako hakuna jiko."

"Waseme. Pale biriani inakuja mezani inafuka, mikate imetoka tanurini sasa hivi, na mimi nimekaa."

"Mkwe hulishwa kwa mkono wako, dada. Biriani ya kununua haina heshima."

Mimi huwa naangalia kama ina nyama, lakini sikuulizwa.

"Wakwe wa binti yangu mkubwa niliwapikia kutwa nzima," akasema fundi. "Mimi jikoni nageuza nyama, wao sebuleni wanapanga. Natoka na sinia la mwisho, nakuta wamekubaliana na baba yake kwamba binti ataacha unesi. Huyu mdogo ni fundi umeme, na nguzo ataendelea kupanda. Leo kila neno litapita mbele yangu."

Mwenye kapu akalihamisha kapu lake kutoka goti moja hadi jingine. "Mimi bado ningepika."

"Ungepika, mama. Na ungesikia nini?"

Basi likasimama, fundi akashuka. Mwenye kapu akatoa kichwa dirishani. "Usikae mwisho wa meza," akamwambia. "Kaa katikati."