Neno Alilolichora Mwenyewe Mlangoni

Jumatatu, tarehe 22 Oktoba 2018, katika chumba cha daktari bingwa wa magonjwa ya damu na saratani, walikuwapo hawa: shemeji yangu, yaani mke wa marehemu; dada yetu mkubwa; mwana wa pekee wa kiume wa marehemu, ambaye wote hapa msibani mnamwita Msemaji; na daktari mwenyewe. Mgonjwa, mdogo wangu tunayemzika leo, hakuwapo. Alikuwa ameketishwa kwenye benchi nyuma ya jengo, upande wa kufulia mashuka, akaambiwa mlango wa mbele unafanyiwa ukarabati. Nayasema haya kama alivyonieleza shemeji yangu.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946, wa tatu kwa mama yetu, akaanza shule mwaka 1954 na kumaliza darasa la nane mwaka 1961, na mwalimu wetu wa mwandiko, mtu mwepesi wa rula, hakuwahi kumgusa vidole. Baada ya kujifunza kazi kwa fundi wa vibao, aliajiriwa katika hospitali ya rufaa mwaka 1969, akaandika kwa brashi kila mlango mnaoujua pale, hadi alipostaafu mwaka 2006, na ndiyo maana mlimwita Herufi. Kliniki ya saratani ilipofunguliwa, ofisa mmoja alimtaka aandike "Kliniki Maalumu" tu, watu wasiogope, naye akamuuliza kutoka juu ya ngazi kama na chooni aandike "Chumba Maalumu". Akaliandika neno zima, SARATANI, juu ya mlango wa mbele.

Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1971, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba, na nyumba yao ilikuwa na utani mwingi kuliko viti.

Sasa nirudi chumbani. Daktari alieleza kwamba hii ni saratani ya damu, ya aina inayotulizwa kwa vidonge vya kila siku ikiwahiwa, akasema, "Mleteni aingie, mgonjwa ni yeye." Msemaji akajibu, "Daktari, ukimtajia mzee hilo neno, umemuua." Dada yetu akaunga mkono. Daktari alikataa kumtibu mtu mzima kwa kumficha, nao wakainuka, wakampitia mgonjwa kwenye benchi, wakamwambia, "Damu imepungua tu, Baba, twende nyumbani." Wakamnywesha maji ya viazi vyekundu na dawa ya kuongeza damu. Wengu ulipovimba, ukamjaa tumboni, walimtania kwamba ameota kitambi cha utajiri, na yeye, maskini, akacheka pamoja nao. Wageni waliambiwa "presha", majirani "uchovu", kanisani "uzee". Nimetafuta neno la heshima la kueleza ninavyoona jambo hili, na lililobaki ni kinyaa.

Tarehe 17 Juni 2019 alitoka peke yake, akaingia kwa mlango wa mbele, ambao haukuwa umeguswa na fundi yeyote, akasimama chini ya kibao chake mwenyewe. Alimwambia daktari, "Mama, neno hili nililiandika kwa mkono wangu, herufi nane, na sikufa. Leo nitakufa kwa kulisikia?" Daktari akamwambia yote. Vidonge alianza siku ile ile, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kubadilika na kuwa mkali, na vidonge havikuuweza tena.

Juzi nililetewa ujumbe kwamba katika historia hii nisome "aliugua kwa muda mfupi". Sikusoma hivyo, wala sitasoma.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari bingwa, aliyeketi kitandani kwake na kumjibu kila swali; wauguzi wa wodi, waliomwongezea damu bila kumkaripia; majirani waliompeleka kliniki kila wiki; na mafundi wenzake wa zamani, waliokuja wodini kumcheka kwamba herufi R ya mlangoni imeanza kubanduka, naye akawaelekeza rangi ya kuirudishia. Wamekwisha kuirudishia.

Lala kwa amani, mdogo wangu, kazi yako inasomeka.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2019, saa tatu asubuhi, kwa saratani ya damu.